Cheti cha daktari wa macho

Jamani, leo mwalimu mkuu kanipigia: binti yangu ameingia kwenye orodha ya watahiniwa wa darasa la saba wenye uoni hafifu. Nilikaa chini nikalia.

Miaka minne ameitwa mvivu. Kunakili ubaoni hamalizi, daftari analisogeza mpaka puani, na kila kikao cha wazazi naambiwa mtoto hajitumi. Na mimi mama yake nilikuwa namgombeza. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Mwaka huu tukaenda kliniki ya macho. Daktari akampima bila miwani, kisha akiwa nayo, akaniambia miwani pekee haitatosha. Nikamwomba aandike cheti cha kupeleka shuleni. Aliandika "ana tatizo la macho", basi. Shuleni wakakirudisha. Nikapanda daladala tena: daktari, naomba uandike kila jicho linaona kiasi gani, na darasani anahitaji nini. Akaandika vizuri, akagonga muhuri. Nikatoa nakala tatu.

Wenzangu mlio na watoto wa darasa la saba, msingoje usajili ufungwe. Baraza la Mitihani lina karatasi za maandishi makubwa kwa watoto hawa, na muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa masomo mengine. Ila shule iwe na taarifa zake mapema.

Jioni kaniuliza, "Mama, herufi zitakuwa kubwa kiasi gani?" Nikamwandikia jina lake kwa herufi kubwa. Akalisoma bila kuinama.