Siku moja na uduvi wangu wekundu, Tanga

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai naenda kwenye tangi na tochi. Ni la lita 40, liko pembeni mwa sebule pasipopigwa na jua, na wanaoishi humo ni uduvi wa maji matamu, Neocaridina davidi. Mkubwa wao hafiki sentimita 4. Asili yao ni Asia ya Mashariki, na huko mitoni wana rangi ya udongo. Wekundu huu umepatikana kwa watu kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi.

Leo kuna gamba tupu juu ya mosi, ule mmea laini wa majini, limekamilika hadi ndevu. Siliondoi, watalitafuna wenyewe. Madume wanazunguka tangi zima bila kutulia, maana jike aliyejivua gamba hilo usiku wananusa harufu yake majini. Akishapandwa, atabeba mayai chini ya tumbo, 20 au 30 hivi, akiyapepea kwa viguu vyake kwa muda wa wiki tatu na ushei. Hapo ndipo ninapowapenda zaidi.

Saa 4 asubuhi, mapumziko shuleni. Naokota majani ya mti wa mkungu yaliyokauka na kuanguka yenyewe.

"Shikamoo mwalimu. Yanaliwa hayo?"

"Marahaba. Uduvi wanakula utando unaoota juu yake."

Watoto wakaniokotea mfuko mzima.

Saa 9 alasiri narudi. Kipimajoto kinasoma nyuzi 30. Februari ya Tanga haina huruma, na maji yakipata moto hewa humo hupungua. Nawasha feni ndogo ipulize juu ya maji. Joto hushuka nyuzi mbili tatu, ila maji nayo hupungua. Nafidia kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye turubai. Ukijazia ya bomba kila siku, chumvichumvi inabaki na kujilimbikiza, na uduvi hushindwa kujivua gamba. Ya bomba nayatumia kubadilisha kidogo kila wiki, baada ya kuiua klorini.

Saa 12:30 jioni mbu wameingia. Shangazi, aliyekuja jana kutoka Pangani, ameshika kopo la dawa ya kupuliza.

"Shangazi, naomba tusipulize humu."

"Kwani dawa inaingia majini?"

Inaingia. Pampu inavuta hewa ya sebule hii hii na kuisukuma ndani ya maji, na uduvi ni jamaa wa karibu wa wadudu: kinachomuua mbu kinawamaliza wao mapema zaidi ya samaki. Ukiniuliza, hili ndilo la kwanza la kumwambia yeyote anayetaka kuwafuga huku kwetu, kabla hata ya chakula. Shangazi akaweka kopo nje, tukafunga chandarua.

Saa 2 usiku nawapa jani moja la mchicha lililochemshwa. Wanalifunika lote. Kitakachobaki nakitoa kabla ya kulala, kisiozee majini.