Kiwanda kilipoacha kupokea, nilirudi kwenye chumvi

Machi 2020 nilikuwa na kilo 400 na ushee za sangara kwenye barafu pale Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Simu ya kiwandani ikaita: "Dada, leo hatupokei."

Mtaji wa kiwanda kile umetoka nje, na minofu yake huliwa Ulaya. Ile mibichi husafiri kwa ndege. Kwa sababu ya corona ndege zimesimama, migahawa ya huko imefungwa, basi bei imeanguka mpaka kwetu mwaloni, samaki wanakoshushwa. Baba aliwahi kunisimulia ya 1999, Ulaya ilipogomea samaki wa ziwa hili kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu. Nilimwona mzee anarudia hadithi zake tu.

Kilichoniumiza zaidi ni deni. Wakala wa kiwanda alishanikopesha, nami nikawakopesha wavuvi nyavu na petroli. Sasa wavuvi wananiuliza, "Mayu (yaani mama), tuingie ziwani au tulale?" Jibu sina, na barafu inayeyuka.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyenisukuma nitengeneze kayabo, yaani sangara wa chumvi aliyekaushwa. Unampasua sangara mgongoni, unamfungua kama kitabu, unachanja nyama ili chumvi iingie, unampanga kwenye pipa, kisha unamwanika kichanjani. Mzigo wa kwanza niliubania chumvi, nikiona ni ghali. Siku ya tatu nikafunua nikakuta funza. Karibu nusu nikatupa, na sikumwambia mume wangu ni kiasi gani. Wa pili nilimimina chumvi bila kupima, ukakauka vizuri, nikaupeleka mwalo wa Kirumba kwa wanaochukua mzigo wa Kongo. Bei yao haikufika ya kiwandani, ila walilipa palepale. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa sangara, niliyaanika kando kwenye waya nikayauza, nikamlipa wakala kidogo kidogo.

Kiwanda siwalaumu sana. Nao mteja wao kawakimbia. Lakini mwenye mtaji anaweza kusubiri miezi. Sangara aliyekwishavuliwa, barafu ikiisha, hasubiri hata siku mbili.

Walipoanza kupokea tena nilirudi, ila mkopo wao nilikataa, na vichanja vitatu sijavibomoa. Juzi wakala kanipigia: "Dada, mbona mzigo umepungua?"

Nikamwambia waliobaki wana chumvi.