Shamba likitwaliwa kulinda msitu, kagua fomu kabla ya kusaini

Huku Moshi ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941, ndio unaoachanisha mashamba na msitu wa Kilimanjaro. Serikali ikitaka kugeuza ardhi ya kijiji kuwa hifadhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeweka utaratibu. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia au kukataa. Likizidi hapo, waziri ndiye anayeamua baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Na ardhi haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa. Hapo msikubali kuharakishwa.

Mambo huharibika kwenye uthamini. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kina kahawa chini ya migomba, parachichi pembeni, mfereji katikati. Mthamini mwenye haraka huandika “migomba” tu. Tembea naye mstari kwa mstari, hesabuni kila shina, piga picha ya fomu. Fidia ni pamoja na posho ya usumbufu, usafiri na makazi. Mke naye asaini, maana shamba analilima yeye.

Bikoni, yaani nguzo za kuonyesha mpaka, zisimikwe mapema. Mpaka usioonekana hulimwa msimu unaofuata, na mahindi yakishaota ugomvi umeanza.