Siku moja kazini Geita: kufuata nyufa za matetemeko ya kale

Saa 12 asubuhi. Begi linakaguliwa: dira yenye kipima mwinamo, nyundo ya kilo 2, lenzi ya kukuza mara 10, mifuko ya sampuli, kinu cha chuma, karai. Tunatafuta dhahabu. Wapo wanaosikia kwamba tetemeko hutengeneza dhahabu papo hapo, lakini tetemeko kama lile la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, halikuachii dhahabu ya kuokota kesho yake. Tunachofuata ni nyufa za matetemeko yaliyopiga mwamba huu zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita.

Saa 1 na nusu. Tunafuata mshipa wa kwatzi, lile jiwe jeupe, tukisoma dira kila hatua 10. Nyuzi 300, 300, 302, halafu ghafla 320. Mshipa umepinda kulia, na hapo tunapiga kigingi. Tetemeko lilipofungua ufa chini sana ardhini, mgandamizo ulishuka ghafla, maji ya moto yakageuka mvuke, na dhahabu iliyoyeyuka ndani yake ikaganda pamoja na kwatzi. Ufa ukaziba, mgandamizo ukapanda tena, ukapasuka tena, mara maelfu. Kila mara iliongezeka chembe tu.

Lakini si kila kona ina kitu. Simama upande mmoja wa ufa: kama mwamba wa ng'ambo ulisogea kulia, kona inayopinda kulia ilifunguka, ya kushoto ikabanwa. Ukikosea hapo unachimba wiki nzima bure. Mikwaruzo kwenye uso wa ufa ndiyo inayoonyesha mwamba ulisogea kwenye mstari gani, kwa hiyo isafishe kwa brashi kabla ya kugusa nyundo.

Saa 4. Mtaro unakatiza mshipa, upana mita 1, kina kisizidi mita 1.2 bila kukata ngazi pembeni. Udongo ukae mita nzima kutoka ukingoni. Ukirundikwa karibu, ukuta unakufunika, hasa masika. Tunachukua kilo 3 kila mita, na jiwe jeupe halichanganywi na mwamba wa pembeni. Wengi hubeba jeupe tu. Geita hilo ni kosa kubwa, maana maji yale yalikutana na chuma cha mwamba, na dhahabu nyingi ikabaki pembeni pamoja na pairiti, madini ya njano yanayofanana na dhahabu.

Saa 7. Lenzi jichoni. Kwatzi yenye mistari myeusi myembamba kama kurasa za kitabu, sambamba na ukuta wa mshipa, inatupa moyo: huko ufa ulifunguka na kuziba mara nyingi. Nyeupe pee kama maziwa, bila mstari, mara nyingi ni tupu.

Saa 8. Kilo 1 inasagwa iwe unga, inaoshwa kwenye karai. Punje ya njano igandamize kwa sindano: pairiti inavunjika, dhahabu inabonyea. Kati ya sampuli na sampuli saga mchanga usio na kitu, la sivyo dhahabu ya sampuli ya kwanza itaonekana kwenye ya pili. Zebaki haina kazi hapa. Dhahabu laini sana haionekani kwenye karai, kwa hiyo sehemu iliyobaki ya kila sampuli inakwenda maabara.

Saa 11. Namba zinaandikwa ndani na nje ya mfuko, mtaro unazungushiwa miiba ng'ombe wasitumbukie. Kigingi cha kesho kiko mita 20 mbele, kwenye kona inayofuata ya kulia.