Swichi ya Chini ya Ngazi

Enzi hizo ofisi yetu ilikuwa Arusha, na mteja wetu mmoja alikuwa na hoteli Moshi. Swichi yake, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za hoteli kwa waya, ikihitaji kuguswa, hata kubadilisha poti (tundu la waya) moja tu, mmoja wetu anapanda Kosta: kilomita 80 hivi, Usa River, Bomang'ombe, konda akijaza mpaka mlangoni. Siku hiyo nilitumwa nikaiweke isimamiwe kutoka Arusha.

Ilikuwa stoo ya chini ya ngazi, nyuma ya kreti za soda. Nikamwamkia mama mhasibu aliyenifungulia.

"Marahaba mwanangu. Ukiizima hiyo, wageni watanila mimi."

Nikachomeka waya wa konsoli, ule bapa wa bluu wa kuunganisha laptopu na swichi moja kwa moja, nikaweka kasi ya 9600. Kioo cheusi. Ndivyo zilivyo, hazisemi mpaka ubonyeze Enter.

Fundi aliyetutangulia aliipa anwani ya IP (namba ya kuifikia mtandaoni) kwenye VLAN 1, kundi la mtandao ambalo swichi huja nalo, akaacha wazi Telnet, njia ya zamani ya kuiamuru swichi ukiwa mbali. Telnet hupitisha nywila bila kuificha. Anayenasa data njiani anaisoma yote. Kwa hoteli inayochanganya wageni na mapokezi kwenye mtandao mmoja, huo ni uzembe, sina jina lingine. Nikaamua kuweka SSH, njia inayofanya kazi hiyo hiyo kwa kuficha kila kitu. SSH yenyewe ilitengenezwa na Tatu Ylönen kule Ufini mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa hivyo hivyo kwenye mtandao wa chuo chake. Nikaipa swichi jina na domeini, maana bila hivyo inagoma kutengeneza ufunguo wa RSA, ambao SSH inauhitaji. Nikatengeneza wa biti 2048, nikaongeza mtumiaji, nikaifungia Telnet nje.

Kwa laptopu yangu pale pale hotelini, niliingia. Nikampigia mwenzangu Arusha.

"Mangi, haipiti."

VPN, njia ya siri iliyounganisha ofisi na hoteli kupitia intaneti, ilikuwa hai; ruta ya hoteli, kifaa kinachoitoa kwenye intaneti, anaiona. Swichi kimya. Kumbe maombi yake yalikuwa yanaifikia vizuri tu. Kilichoishinda ni kujibu. Anwani ya Arusha iko nje ya mtandao wake, na hakuna aliyewahi kuiambia majibu ya nje yapitie wapi. Swichi za namna ile hupitisha data za wageni kwa anwani za MAC, yaani namba za vifaa vyenyewe, hazihitaji kujua IP inakwenda wapi, ndiyo maana intaneti ilikuwa inakwenda siku zote na hakuna aliyeshtuka. Nikaandika amri ya kuionyesha mlango wa kutokea, ip default-gateway, nikamalizia na anwani ya ruta.

"Hapo hapo! Imeniomba nywila."

Nikahifadhi, kwani usanidi ukibaki kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, unaondoka na umeme, na umeme wa Moshi ulikuwa na ratiba yake. Mwenzangu hakuridhika. "Chomoa tuone." Mama mhasibu akachungulia mapokezi, akasema, "Fanya upesi." Nikachomoa, nikarudisha. Taa zikawaka rangi ya chungwa, zikakaa hivyo kiasi cha kumfanya mama aanze kuguna, ndipo zikageuka kijani. Arusha akaingia tena.

"Sasa mangi," akasema, "posho ya Moshi ndo basi?"

Nyuma yake nikamsikia bosi anacheka.