Siku moja maishani mwangu: Noah ya wanafunzi, ekzozi na kipande cha chaki

Saa 10:40 alfajiri nimeshaamka, adhana bado. Naishi Mikanjuni hapa Tanga, kazi yangu kubeba wanafunzi na Noah ya zamani, ile SR40, asubuhi napeleka alasiri narudisha, katikati ikitokea kazi ya mzigo mdogo nafanya. Leo nimewahi kwa sababu moja tu, nataka kuisikia gari ikiwa ya baridi. Jana bomba la ekzozi lilikatika nikiwa Majani Mapana, gari ikaanza kunguruma kama trekta mpaka watu wanageuka, nikaipeleka gereji moja hapa mjini wakachomelea kwa 35,000, jioni nikapewa gari imetulia nikashukuru nikaondoka.

Ekzozi isikilize asubuhi, kabla haijapata moto. Chuma kikipata moto kinatanuka, kitundu kidogo kinajibana, ile sauti ya tsi tsi tsi inapotea na wewe unadhani uko salama. Basi nimewasha, nikashuka, nikainama upande wa kushoto nikatega sikio. Kimya. Nikaridhika, nikaenda kunywa chai. Hapo ndo nilikosea, kama utakavyoona.

Saa 12 kasoro robo niko barabarani, Sahare, narudi Mikanjuni, halafu Donge. Watoto 7. Kulikuwa na manyunyu kwahiyo vioo vyote tumepandisha. Tukafika kwenye foleni ya kushusha pale getini, gari inaunguruma imesimama, dakika kama 5 hivi, mara yule mtoto anayekaaga siti ya nyuma kabisa, yuko darasa la pili, akasema "Anko, kichwa kinaniuma". Nikageuka nikamuona ameegemea kioo, macho mazito. Mwenzake akasema "hata mimi, na kunanuka". Nilizima gari palepale, nikafungua milango yote, nikawashusha wote kwenye mvua watembee hatua zile zilizobaki, nikamshika mkono yule mdogo mpaka kwa mwalimu wake nikamwambia asimwache peke yake, amwangalie, akitapika au akilegea anipigie na apelekwe hospitali. Baada ya robo saa kwenye hewa akawa anacheka na wenzake. Mimi mikono bado inatetemeka.

Wengi wanajua moshi wa gari ni mbaya lakini hawajui ubaya wenyewe uko wapi. Ndani yake kuna gesi inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu. Ile harufu unayosikia ni ya vitu vingine vilivyo kwenye moshi, yenyewe huisikii. Ikiingia mapafuni inakwenda kung'ang'ania kwenye damu pale ambapo oksijeni ingekaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, sasa mwili unakosa hewa huku mtu anapumua vizuri tu. Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtoto anapumua harakaharaka kuliko mtu mzima kwahiyo inampata mapema. Na kwenye Noah hii injini iko chini ya viti vya mbele, bomba linapita chini ya sakafu yote mpaka nyuma, yaani watoto wamekaa juu yake.

Saa 2 niko nyumbani. Kwanza nimeacha gari ipoe. Nikapandisha jeki, nikaweka stendi za chuma mbili (usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni dakika moja, nimeshazika jirani kwa jambo hilo), nikatandika mkeka wa zamani. Kijana wa jirani akawasha, nikamwambia achukue kitambaa kilicholowa, akikunje mara kadhaa, azibe mdomo wa bomba kule nyuma kwa sekunde chache tu halafu aachie. Bomba likiwa zima, moshi unakosa pa kutokea, injini inaanza kukwama na kitambaa kinasukumwa kwa nguvu. La kwangu halikukwama. Nikasikia ssssss, katikati, juu kidogo ya uso wangu.

Akazima. Sasa ukitazama kwa chini ile kazi ni nzuri kabisa, imepakwa rangi ya silva inang'aa. Nikawasha kamera ya mbele ya simu nikaipenyeza juu ya bomba, kati yake na sakafu. Pale juu hapajachomelewa. Nusu nzima ya mzunguko, hamna weldi. Wamechoma upande wa chini wanaoufikia, juu wakapaka ile dawa ya kijivu ya kuziba kama simenti, na moto wa usiku mmoja ulishaanza kuipasua, vipande vimeshadondoka. Kwenye sakafu juu yake kuna doa jeusi la masizi limefunguka kama upepeo. Mshipi wa mpira unaoning'iniza bomba ulikuwa umekatika, wamefunga waya wa kufungia nondo. Na hata betri hawakuichomoa, nimejua kwa saa ya dashibodi, bado inasoma sawasawa na simu yangu. Ukichomelea kwa umeme bila kutoa waya wa hasi unaweza kuunguza alteneta au boksi la kompyuta ya gari, na hiyo sio pesa ya mtu wa Noah.

Saa 4 nikarudi kwao. Sikugombana. Nikamuonyesha fundi picha akasema "kelele si imeisha bosi?" Nikamwambia kelele imeisha ndio, moshi je? Akasema kule juu mkono haufiki mpaka ushushe bomba lote na bolti zina kutu zitakatika. Hilo la bolti ni kweli, siwezi kumkatalia, huku kwetu upepo wa bahari unakula chuma usiku na mchana. Lakini si angeniambia jana? Ningelipa zaidi, ningesubiri. Akataka kuongeza ile dawa tena nikakataa, akanirudishia 10,000 nikaenda zangu.

Saa 5 na kitu, Ngamiani. Kuna mzee anachomelea pale chini ya mwarobaini, hana bango, ana mashine yake na turubai. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba mwanangu, lete hilo kopo lako tulione." Hakushika mashine kwa karibu nusu saa nzima. Alichukua nyundo ndogo akawa anagonga bomba kuanzia mbele kurudi nyuma, ti, ti, ti, halafu pakafika mahali pakaita tu, tu. Akatia bisibisi pale, ikazama kama kwenye muhogo uliooza. Akaniambia wale wamechomelea kwenye kutu, weldi haikai kwenye kutu, ukiunga chuma kizima na kilichooza kesho kinakatika pembeni ya weldi hata kama weldi yenyewe imekaa vizuri. Kwahiyo akaweka alama kwa chaki mpaka pale chuma kilipoanza kuita ti.

Bolti akazimwagia mafuta akaziacha zilowe, tukanywa kahawa na kashata. Moja ikakatika vilevile. Akaitoboa akaweka mpya, hakulalamika wala hakuniongezea bei. Akachomoa waya wa betri. Akashusha kipande chote chini, akakata ubovu kwa grainda, na mimi nilikuwa nimenunua kipande cha bomba njiani nikamkabidhi kwa furaha, akakitazama akanirudishia. Ni bomba la maji, lina ile ngozi ya zinki, ukilichoma linatoa moshi mweupe unaompa fundi homa usiku. Alikuwa nacho cheusi cha kwake. Akaunga kwa kuvalisha, kimoja kinaingia ndani ya kingine, akapiga doti nne za kushikia tu, akalirudisha chini ya gari kwanza kupima kama limekaa bila kulazimishwa, halafu akalishusha tena ndo akazungusha weldi yote kwa rodi geji 12. Alipogonga lile ganda la juu likabanduka lenyewe, chini yake weldi imepangana kama magamba ya samaki changu, hamna vitundu, hamna pale palipotobolewa na moto. Nimeitazama mpaka akanicheka.

Nikamwambia mzee hapa kwenye sailensa chini kuna kitundu, ziba na hiki. Akakataa. Kile kimewekwa kiwandani, petroli ikiungua inatoa maji, ndo yale unayoyaona yanadondoka asubuhi, yasipopata pa kutokea yanakaa ndani na kuozesha sailensa. Ningemlazimisha ningekuwa nimelipia kuharibu gari yangu.

Mpira mpya wa kuning'inizia akaweka pia. Injini inacheza ikiwashwa na bomba lazima licheze nalo, ukilibana kwa waya mtikisiko wote unaishia kwenye weldi. 55,000 kila kitu.

Halafu akafanya jambo sijawahi kuona. Akaniomba chaki, na chaki kwenye gari yangu haikosekani, watoto wanaziacha chini ya viti. Akapaka kila kiungo mzunguko mzima, weldi zote na pale kwenye flanji ya mbele, kile kiungo cha bolti bomba linapokutana na injini, akasema kaendeshe, moshi ukipita utaandika wenyewe.

Saa 8 nikaenda peke yangu, Kange mpaka Pongwe na kurudi, vioo vimefungwa makusudi, pua iko kazini. Hamna harufu, kichwa hakiumi. Nikarudia kile kitambaa, injini ikakwama mara moja. Nikalala chini na simu. Nyeupe kote, mpaka juu.

Saa 9:30 watoto. Yule mdogo nimemhamishia siti ya katikati, na vioo vya mbele nimeshusha. Vya mbele, sio vya nyuma peke yake, maana gari ikienda huwa inavuta hewa ya mkiani, ukifungua nyuma tu au ukiacha mlango wa buti wazi unajiingizia moshi wako mwenyewe. Saa 11 nikamfikisha wa mwisho. Mama yake yule wa darasa la pili nilimweleza yote uso kwa uso, sikutaka asikie kwa mtoto. Alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza, "Na kesho je?" Nikamwambia nitamjibu usiku.

Saa 2 usiku, gari imepoa, nimelala tena kwenye mkeka na tochi mdomoni. Weldi za mzee, nyeupe, hata chembe. Nikasogea mbele kwenye flanji. Kuna mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele, urefu wa kucha. Mchana haukuwepo. Nimepiga picha nikamtumia mzee akajibu kwa meseji ya sauti, "Hiyo gasketi mwanangu, imechoka, weldi haina neno, njoo baada ya swala nikubadilishie kabla haijapata moto."

Nimempigia dereva mwenzangu wa Chumbageni, kesho asubuhi anawachukua watoto wangu wote 7. Mama yake yule mdogo nimemtumia meseji, amejibu "sawa baba, ahsante". Gasketi nimeshaulizia, 8,000.