Hapigi kengele

Nonna, yaani bibi kwa Kiitaliano, mzee ninayemtunza, bado ananisahihisha jina lake la ukoo. Mie nasema EspoSIto, ulimi wa Kiswahili huo. Yeye anataka EsPOsito, na nikikosea anagonga meza kwa kijiko. Hilo nimelizoea. Linaloniwasha ni la Jumanne.

Nilikuwa namenya viazi. Nikajitia ujuzi: "Nonna, nimeulizia maana ya jina lenu. Kumbe ni aliyetupwa nje!" Nikacheka peke yangu.

"Si kutupwa. Kuwekwa. Mtu akitupa hapigi kengele."

Akarudi kwenye redio yake.

Kengele gani? Mtoto wake wa kiume ndiye aliyenieleza jioni. Pale Annunziata, nyumba iliyopokea watoto walioachwa, hapa hapa Napoli, ukutani kuna tundu lenye gurudumu la mbao. Mama alimlaza kichanga, akalizungusha, akapiga kengele, mtoto akatokezea ndani kwa walezi, na sura ya mama isionekane. Watoto hao waliandikwa Esposito. Lilifungwa 1875, ila jina limejaa mji mzima, kuanzia duka la dawa hadi yule Raffaele Esposito wa piza ya Margherita. Murat, shemeji wa Napoleon aliyetawala huku, aliwahi kulipiga marufuku kwa vile lilimpa mtu doa la kudumu. Miji mingine ilikuwa na yake: Milano Colombo, Firenze Innocenti.

Kibali kimetoka Alhamisi, dada kaposwa, alhamdulillahi. Lakini kichwani ni viazi tu na lile neno. Ningenyamaza. Ningesema pole. Ningeuliza nani wa kwao alilazwa pale, ila hilo nalo ni umbea.

Ijumaa, namkausha miguu, akaniuliza na mie nina jina la maana gani.

"Tabu."

"Ndiyo nini?"

"Shida, Nonna. Mama aliteseka siku mbili kunizaa."

Alicheka mpaka meno ya bandia yakamchomoka, nikayadakia kwenye taulo. Tangu hapo ananiita Signora Shida, yaani Bi Shida, na jirani wa juu kaambiwa, na mwuza mboga naye.

Jumapili nilipiga Tanga mara nne. Mama aliposhika, Nuru alikuwa kalala. Nikamwomba amwekee simu karibu na mto, nikamsikiliza akipumua mpaka salio likakatika.

Bomba la bafuni kwangu limeanza tena kuvuja, na mwenye nyumba hapokei. Nimetega ndoo. Sijui kama itafika asubuhi.